Ndege Yenye Mawe Hamsini na Moja

Ngurumo ilisikika kwanza. Ilianzia upande wa uwanja wa mpira, ikapita juu ya paa la Bunge, ikatikisa vioo vya benki, ikaangusha sahani mbili katika kabati la mama mkwe wangu. Mji mzima ukatoka nje. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Mahakamani walitoka hakimu na mshtakiwa, wameshikana mikono kwa hofu. Tukatazama juu. Angani hapakuwa na kitu ila mwewe mmoja, naye alionekana kushangaa kama sisi.

Baada ya nusu saa likapita lori la Wizara ya Ulinzi, polepole, limebeba spika kumi na sita kubwa kama makabati. Juu ya spika alikuwa ameketi koplo, anakula muhogo wa kuchoma. Ngurumo ilikuwa inatoka humo.

Mchana Waziri wa Ulinzi, Mheshimiwa Tendegu, alituondolea wasiwasi kwa njia ya redio.

"Ndugu wananchi," alisema, "mliyoisikia ni sauti ya ndege yetu ya kwanza ya kivita, inayoundwa hapa hapa nchini, kwa mikono yetu na akili yetu. Wapo wanaouliza ndege yenyewe iko wapi. Hao hawajasoma. Ndege za kisasa zimeachana na sauti yake, kila kimoja kinakwenda kivyake. Yetu imevunja rekodi ya dunia. Sauti yake imetangulia miezi kumi na minane."

Nilijivunia nchi yangu siku hiyo. Nchi nyingine zina ndege zinazokuja na sauti yake pamoja, kama maskini waliopanda punda mmoja.

*

Nchi yangu sitaitaja jina, kwa kuwa ipo sheria inayotaka jina lake litamkwe ukiwa umesimama, nami naandika nimekaa. Itoshe kusema kwamba kwetu kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Binamu yangu alizama katika mto ambao ulikuwa haujazinduliwa, na mpaka leo hatujapewa cheti cha kifo chake, maana hakuna mto.

Kila uzinduzi huacha jiwe. Jiwe ni la marumaru, lina jina la mzinduzi, cheo chake, tarehe na maneno mawili matatu ya hekima, na uzito wake ni kilo kumi na moja. Sheria inasema jiwe likishafunuliwa haliondolewi milele. Kisima cha mtaa wetu kilizinduliwa na watu saba, na mawe yalipoelemea ukingo, ukingo ukabomoka, yote yakaingia ndani. Kisima kimeziba, lakini katika orodha ya visima vya taifa kinaongoza.

Mimi nafanya kazi Kitengo cha Mawe. Natunga yale maneno. Utunzi nilijifunza peke yangu, bila mwalimu, na sioni haya kusema kwamba pale kitengoni hakuna anayenifikia kwa mizani. Kwa sababu ya kazi hiyo niliiona ile ndege tangu ikiwa mabati mpaka mwisho wake, nami nitaeleza kama ilivyokuwa, bila kumlaumu mtu, kwani waliohusika wote walipewa nishani.

*

Zamani tulikuwa tunanunua. Tulinunua ndege sita za kivita kutoka nchi rafiki, nzuri, zinang'aa. Ndani ya kila ndege kulikuwa na pete ya mpira, ukubwa wa bangili ya mtoto, ya kuzuia mafuta yasivuje. Mkataba ulikataza mtu wetu yeyote kuigusa pete hiyo. Ikichakaa, unaandika barua.

Pete zote sita zilichakaa mwezi mmoja. Tukaandika barua. Wiki ileile majambazi wa mpakani waliingia soko la Ngarani na magari yenye bunduki za mashine, wakafyatua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ndege zilikuwa umbali wa dakika tisa. Marubani walikaa ndani yake, wamefunga mikanda, mafuta yanachuruzika chini yao, wanasikiliza redio ikiwaita.

Pale Ngarani walikufa watu tisini na watatu. Mmoja wao alikuwa muuza uji, Bi Mwanaheri, mama wa watoto wawili, Siwema na Shomari. Siwema alikuwa na miaka ishirini, tayari anagonga bati na kutengeneza matangi ya maji. Shomari alikuwa na kumi na mbili. Dada akamlea mdogo wake kwa nyundo.

Majibu ya barua yalikuja baada ya miezi kumi na minne. Yalisema bunge la nchi rafiki bado linajadili kama sisi ni watu wa kuuziwa pete.

*

Miaka ikapita. Mheshimiwa Tendegu akaalikwa Japani. Walimweka jukwaani, ndege za kivita za kijivu zikapita mbele yake, moja baada ya nyingine, chini sana, mpaka kofia yake ikatoka. Akauliza wamezinunua kwa nani. Wakamjibu kwa adabu kwamba hapo mwanzo walinunua, kisha wakaomba ruhusa ya kuunda zile za wengine kwao, wakajifunza, kisha wakaunda zao. Waziri alitoa daftari akaandika neno moja: *wenyewe*. Daftari hilo nimeliona. Limekwisha kuzinduliwa.

Alirudi na mtaalamu mstaafu aliyeitwa Bwana Onodera, mzee mfupi, mkimya, aliyetumia miaka arobaini akiunda mabawa ya ndege kama zile. Wizara ilimwonyesha wahandisi thelathini wenye suti. Akawashukuru, akaomba aonyeshwe mtu anayeunganisha bati lisivuje.

Wakampeleka kwa Siwema. Bwana Onodera alichukua tangi lililokwisha kamilika, akalegeza ribiti moja, msumari wa kushikia bati, kati ya mia mbili, akalirudisha mahali pake. Siwema alipitisha kidole gumba juu ya mstari, macho kwa mteja anayebishana naye kuhusu mfuniko. Kidole kikasimama.

"Nani kaichezea hii?" akauliza.

"Huyu," Bwana Onodera akamwambia mkalimani. "Wale wengine waende nyumbani."

Hivyo ndivyo muundaji wa matangi alivyokuwa Fundi Mkuu wa Ndege za Taifa. Mdogo wake Shomari wakati huo alikuwa Luteni, rubani wa jeshi la anga, akirusha ndege ndogo za kunyunyizia dawa ya nzige.

*

Jambo la kwanza alilofanya Bwana Onodera halikuwa ndege. Alitundika ubao mweupe ukutani, akachora juu yake umbo la kila kifaa cha karakana: kila nyundo, kila koleo, kila spana kwa namba yake. Jioni kila kifaa kinarudi juu ya umbo lake. Umbo moja likiwa tupu, hakuna anayeondoka, na ndege haisogei, maana huenda kifaa kimesahauliwa tumboni mwake.

Mafundi walinung'unika. "Mzee anatuhesabia spana kama tuko jela," alisema mmoja.

"Jela wanahesabu watu," Siwema akamjibu. "Rudisha koleo."

Jambo la pili lilikuwa pete. Siwema alitengeneza kalibu ya chuma yenye umbo la pete, akachemsha mpira wa mashamba yetu wenyewe, akatoa pete, ikapasuka. Akatoa ya pili, ya kumi, ya mia na arobaini. Kila iliyopasuka Bwana Onodera aliiweka mezani wakaitazama pamoja, vichwa vimekaribiana, kama watu wanaosoma barua ya nyumbani.

"Ndege ya kununua inakufundisha kuifuta vumbi," alimwambia siku moja, kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Ya kuunda inakufundisha kwa nini inaanguka."

Pete ya mia mbili na sita haikupasuka. Wakaitia katika moja ya zile ndege sita zilizokuwa bandani zimetagiwa na kuku. Shomari akaipanda. Nilikuwepo, nimekwenda kupima mahali pa jiwe. Ndege ikapanda, ikageuka juu ya vilima, ikawa alama, ikapotea. Nikatafuta pa kukaa.

"Usikae," Siwema akaniambia.

"Kwa nini?"

Akamwonyesha Bwana Onodera kwa kidevu. Mzee alikuwa amesimama mwisho wa njia ya kurukia, kofia mkononi. Kwao, Siwema alinieleza, aliyeunda ndege hakai wala hali mpaka rubani arudi chini. Tukasimama dakika arobaini. Miguu iliniuma. Kisha magurudumu yakagusa lami, sauti kama kitambaa kinachochanwa, na Siwema akakaa chini palepale, akafunika uso kwa kanga.

Ile ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege ya kivita ya nchi yetu kuruka kwa kitu kilichotengenezwa nchini. Kwa bahati mbaya haikuwa imezinduliwa, kwa hiyo haikutokea. Nilipendekeza pete ipewe jiwe, lakini ilionekana ni ndogo mno kulibeba.

*

Ndege mpya yenyewe ilipata mawe ya kutosha. Gurudumu la mbele lilizinduliwa na Spika wa Bunge. Bawa la kulia lilizinduliwa na mabalozi. Kiti cha rubani kilizinduliwa na Mkuu wa Itifaki, mtu mwenye mwili, aliyekikalia kwa majaribio na kutolewa na askari sita. Gurudumu la kushoto lilimwangukia Naibu Waziri, na jiwe lake lilibeba maneno yangu:

*Gurudumu la kushoto, zunguka kwa utukufu,*
*Si mzaha si kitoto, kuguswa na mtukufu.*

Lakini waheshimiwa walioupenda mkia ndio waliokuwa wengi, kwa kuwa mkia ulielekea barabarani, na mtu angeweza kuuzindua bila kuchafua viatu. Mkia peke yake ulipata mawe thelathini na nane.

Siku alipozindua gurudumu, Naibu Waziri aliondoka na spana mfukoni kwa ukumbusho. Jioni umbo likawa tupu. Kwa siku mbili mafundi waliifumua ndege ribiti kwa ribiti, mpaka ikaonekana gazetini picha ya Naibu Waziri ameishika spana hiyo kama maua. Bwana Onodera akaja kitengoni kwangu na ombi. Alitaka kanuni yake iheshimiwe hata na wakubwa, naye alikuwa amekwisha kuielewa nchi. Aliomba jiwe.

Nikamtungia kwa furaha: *Ndege haitaruka mpaka kila kifaa kiwe mahali pake. Kifaa kikikosekana, ndege ifumuliwe.* Mtukufu Rais mwenyewe akaja kulifunua, likapachikwa ukutani juu ya ubao. Naibu Waziri alipiga makofi kuliko wote.

*

Ndege ilipokamilika, Bwana Onodera aliipima mara tatu. Kisha akamwita Siwema, akaweka rula juu ya kidole kimoja, akaweka sarafu upande mmoja wa rula. Rula ikainuka, ikaanguka.

"Pua itapanda," alisema. "Itapanda sana, kama mtu anayetazama dari. Halafu itakaa kitako."

"Ikiwa juu kiasi gani?"

"Juu kuliko mtu anavyoweza kuanguka akapona."

Walikuja kwa Mkurugenzi wetu, Bwana Kisandu, kuomba mawe ya mkiani yaondolewe. Bwana Kisandu ni mtu wa haki. Aliwafafanulia utaratibu. Aliyelizindua jiwe lazima akubali kwa maandishi. Uondoaji wenyewe ni shughuli ya taifa, kwa hiyo lazima uzinduliwe. Na uzinduzi lazima uache jiwe.

"Kwa hiyo tukiondoa moja," Bwana Onodera akauliza polepole.

"Linabaki moja," alijibu Bwana Kisandu. "Serikali haipotezi kitu."

Wakapanda kwa Waziri. Mheshimiwa Tendegu aliwasikiliza, akafikiri, akapata suluhisho: waheshimiwa wengine thelathini na nane wazindue pua, mizani ikae sawa. Wasaidizi wake walipiga makofi.

"Haitatoka ardhini," alisema Bwana Onodera.

"Bwana Onodera, wewe ni mtaalamu wa ndege. Mimi ni mtaalamu wa wananchi. Mwananchi hatazami mkia."

"Mheshimiwa," alisema Siwema, "atakayeipanda ni mdogo wangu."

"Hongera sana," alisema Waziri, akampa mkono. "Familia moja, fundi na rubani. Tutaliandika hilo kwenye jiwe."

*

Siku tatu kabla ya Sikukuu ya Taifa, Jumamosi ambayo ndege ingerushwa mbele ya watu, nilikwenda karakana kupima nafasi ya jiwe la hamsini na moja, la Rais, ambalo lingekuwa mara nne ya mengine na lingekaa mkiani. Shomari alikuwa ameketi juu ya sanduku anakula maandazi. Dada yake alikuwa chini ya bawa. Hawakujali kwamba nipo. Watu hawanijali nikiwa na futi kamba mkononi.

"Kikosini wananiita Mtoto wa Fundi," Shomari alisema. "Wananiuliza kama nitaomba ruhusa kwa dada kabla ya kuruka."

"Waambie utaomba."

"Dada, nimerusha kila kitu chenye mabawa nchi hii."

"Umerusha vilivyokuwa vinaruka."

"Kilo mia nne za mkiani ni nini? Watu watano wanene."

"Wameketi mkiani wote watano, Shomari. Na Jumamosi anaongezeka Rais."

Akacheka, kisha akaacha. Alilitazama andazi kama hakumbuki ni la nani. "Nikikataa watamweka Mbaruku. Mbaruku hawezi hata kuegesha baiskeli."

"Ndiyo."

"Na nikikataa wataifunga karakana. Miaka mitatu yako yote. Lakini mtu akiipandisha mara moja tu, mbele za watu, hawatarudi tena kununua. Hata nikizunguka mara moja nikashuka. Mara moja, Dada."

Siwema alitoka chini ya bawa. Alikuwa na vumbi la chuma kwenye nyusi.

"Ikianguka," alisema, "hawatarudi tena kuunda. Watasema, mliona wenyewe, sisi na ndege wapi na wapi. Watalisema kwenye matanga yako, wamevaa tai nyeusi, halafu wataagiza nyingine."

Shomari alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi ni askari. Nimeshasema nitaruka." Akaondoka. Andazi alilibakiza juu ya sanduku, limeumwa mara moja.

Siwema alisimama mbele ya ubao wa vifaa muda mrefu. Nilidhani anasoma maneno yangu. Nilifarijika, kwa kuwa kwa kawaida hayasomwi.

*

Jumamosi saa nne asubuhi uwanja ulijaa. Chini ya mahema waheshimiwa walikuwa wamekwisha kula pilau. Rais alifunua jiwe lake, na mkia wa ndege ukashuka kwa mlio mdogo, kama mtu mzima anavyoguna akikaa. Watu wakashangilia.

Shomari alikuwa ameshavaa kofia. Alitembea kuelekea ngazi bila kumtazama dada yake.

Mheshimiwa Tendegu alishika kipaza sauti. "Na sasa, Fundi Mkuu atatia sahihi kwamba ndege iko tayari."

Siwema alikuja akitembea amenyooka sana, mkono mmoja umebana ubavu wa koti lake la kazi. Nilidhani ni heshima kwa Rais.

"Siwezi kutia sahihi," alisema. "Spana namba kumi na tatu haipo."

Waziri alicheka kwa niaba ya taifa. "Spana moja tu, Bi Siwema. Tutakununulia katoni nzima."

"Si mimi ninayekataa, Mheshimiwa. Ni jiwe."

Mtukufu Rais akainuka, akaenda hadi ukuta wa karakana, na sisi sote nyuma yake. Ubao ulikuwa umejaa, kila kifaa juu ya umbo lake, isipokuwa umbo moja, jeupe, lenye shingo nyembamba na vichwa viwili. Juu yake jiwe. Rais alilisoma taratibu mpaka chini, palipo na jina lake. Akalisoma jina mara mbili.

"Nani aliweka jiwe hili?"

"Ni wewe, Mtukufu," nikajibu, kwa kuwa wengine walikuwa wamemeza ndimi zao.

"Basi linasema kweli," alisema Rais, na niliona amefurahi, kwa maana nadhani lilikuwa jiwe lake la kwanza kutiiwa. "Ifumuliwe."

Shomari alikuwa ameshapanda ngazi tatu. Alivua kofia. Alimtazama dada yake kwa macho ambayo sikuyapenda, kisha akapita katikati ya mafundi akaenda zake.

Watu elfu ishirini walikuwa bado wametazama juu. Mheshimiwa Tendegu hakuwa waziri bure. Alinong'ona na koplo. Nyuma ya mahema lori likawashwa, na ngurumo ikapasuka juu ya vichwa vyetu, ikatikisa mahema, ikamwaga soda za waheshimiwa.

"Imepita," Waziri akatangaza. "Aliyepepesa jicho hakuiona."

Hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba alipepesa. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mzee mmoja kando yangu alilia machozi, akamwambia mkewe kwamba ilikuwa ya kijivu. Mkewe akasema ilikuwa na mstari mwekundu. Waligombana mpaka getini.

*

Tume ya Spana ilikaa siku kumi. Walipekuliwa mafundi, kuku wa bandani, na kiti cha Rais kwa heshima zote. Siwema alihojiwa mara nne. Alisema hajui, akitazama ukuta.

Siku ya mwisho wakamwapisha Bwana Onodera. Mwenyekiti alimuuliza kama anajua spana iko wapi. Nilimwona Siwema anashika ukingo wa benchi, kwa kuwa sote tulijua mzee yule hasemi uongo. Aliwahi kumwambia mke wa Waziri umri wake.

Bwana Onodera alisimama, akaufunga vizuri mkanda wa suruali. "Spana ni ya ubao," alisema. "Ubao ni wangu. Kikikosekana kitu, kosa ni langu." Akainama mpaka kichwa kikafika usawa wa meza, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka Mwenyekiti akaona aibu, akaandika kwamba mkosaji amepatikana.

Alipewa siku mbili kuondoka. Karakana ilifungwa. Kufungwa kwake kulizinduliwa na Naibu Waziri, na jiwe ni la sentimita arobaini kwa sitini, nimelitunga mimi. Wiki hiyohiyo Waziri alitia sahihi ununuzi wa ndege kumi na mbili kutoka nchi rafiki. Pete zake haziguswi. Anuani ya kupeleka barua ni ileile.

Asubuhi ya kukabidhi funguo nilikwenda na futi kamba yangu. Siwema alikuwa anafunga virago: nyundo yake ya matangi, daftari aliloachiwa na Bwana Onodera, na ile kalibu ya chuma, ameifunga ndani ya kanga. Shomari akatokea mlangoni. Hawakuwa wamesemeshana tangu Sikukuu.

"Kikosini sasa wananiita Rubani wa Lori," alisema.

Siwema aliendelea kufunga fundo.

"Ungeniacha niruke, Dada."

"Ungeanguka."

"Labda nisingeanguka."

"Labda." Alifungua koti lake la kazi, akatoa spana namba kumi na tatu, akaenda kuitundika ubaoni juu ya umbo lake. Ikakaa sawasawa. Ubavuni mwa koti palikuwa na alama ya mafuta, ndefu, yenye vichwa viwili. Mimi niligeuka nikapima dirisha ambalo halikuhitaji kupimwa.

"Mama alikufa kwa sababu ya pete ya mpira," alisema. "Sikuweza kukubali wewe ufe kwa sababu ya jina la mtu."

Shomari alisimama akiutazama ubao uliojaa. Kisha akainama, akainua kalibu na kanga yake, akaiweka begani. Ilikuwa nzito, aliyumba kidogo.

"Tunaipeleka wapi?" akauliza.

"Nyumbani. Uani, penye matangi."

"Na huko utafanya nini nayo?"

Siwema alimshika mkono, akamvuta mpaka akamtazama usoni, akasema kwa sauti kubwa, hata askari aliyekuja na kufuli akasimama kusikiliza:

"Nitaanza na pete. Nitakuundia ndege nyingine, Shomari, hata ikichukua miaka ishirini, na haitakuwa na jina la mtu hata mmoja. Siku utakayoipandisha nitasimama mwisho wa njia. Sitakaa, sitakula, mpaka niyasikie magurudumu yako yakigusa lami. Hiyo ni ahadi."